Kona ya Mita Kumi

Aliyemwona Mzee Sentimita akikata mkate hakuhitaji kuelezwa kwa nini aliitwa hivyo. Aliulaza mkate juu ya ubao, akafumba jicho moja, akaweka kisu, akakiondoa, akakiweka tena upana wa unywele upande wa kushoto, ndipo akakata. Vipande vilitoka vya unene mmoja kama matofali ya tanuri moja. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miche, alikuwa na desturi ya kungoja hadi kipande cha tatu, kisha kuuliza:

"Mume wangu, mkate huu tunaula au tunaujengea nyumba?"

"Kinachoweza kukatwa sawa hakina sababu ya kukatwa ovyo," hujibu mzee, wala hainui uso.

Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mitatu katika ofisi ya upimaji ya mji, na kazi yake ilikuwa moja tu: kushika kamba. Mpima, mwenye darubini na daftari, ndiye aliyejua barabara ipite wapi. Mshika kamba ndiye aliyekwenda hapo penyewe, katika nyasi, matope na mbigili, akanyoosha kamba ndefu yenye alama za mita, akapigilia kigingi. Ramani ni neno, kigingi ni tendo. Ndivyo alivyopenda kuwaambia vijana waliomfuata kazini. Greda halijui kusoma ramani. Greda hufuata vigingi.

Barabara alizoshiriki kuzipima zilikuwa nyingi, lakini watu walimjua kwa moja, ile inayopita kando ya bustani ya mji. Barabara hiyo inatoka kwenye mzunguko wa magari ikiwa imenyooka kama rula, na upande wake mmoja ni bustani, upande wa pili ni ukuta mrefu wa karakana ya zamani. Inakwenda hivyo hadi katikati ya bustani. Kisha, bila sababu inayoonekana, inajipinda kuelekea ukutani, inakwenda mita mia moja na kitu ikiwa imeukaribia, halafu inarudi mahali pake na kuendelea kunyooka. Ni kama mtu aliyekuwa akitembea na mawazo yake, akampisha mwenzake njiani, kisha akaendelea na safari.

Mpindo huo uliitwa Kona ya Miche. Madereva waliofika hapo waliinua mguu, kwa kuwa hawakuona mbele, na magari yaliyokuwa yakinguruma yakaanza kunong'ona. Ndani ya tumbo la kona ilikuwamo miti ishirini na mitatu yenye kivuli kizito, mabenchi manne yaliyosuguliwa na makalio ya watu hadi yakang'aa, na fundi viatu mmoja aliyedai kwamba anawatambua madereva kwa breki zao. Katika sehemu iliyonyooka mabenchi yalikuwapo pia, ya mbao ileile na umri uleule, lakini rangi yake haikuwa imechubuka. Hakuna aliyeyakalia. Nyasi za huko zilikuwa ndefu na nzuri, uzuri wa sebule isiyoingiwa na wageni.

Kisa cha kona kilijulikana, na msimulizi wake alikuwa Mama Miche. Miaka arubaini na mmoja iliyopita alikuwa msichana wa kitalu cha bustani, na kitalu chenyewe kilikuwa mahali palepale palipopangiwa barabara. Alikuwa ameambiwa kwamba miche yake itafukiwa, akailia siku mbili. Siku ya tatu alifika kazini akakuta vigingi vimeizunguka.

"Viliizunguka kama watu wenye adabu wanavyouzunguka mkeka wa wenzao," husema, na hapo hutua ili wasikilizaji waione picha. "Nikauliza, nani kafanya hivi? Wakanionyesha kijana mmoja mwembamba, kashika kamba, anatetemeka kwa haya. Nikamletea maji ndani ya kopo la kumwagilia. Akanywa yote. Miezi minne baadaye akaja kwa baba yangu." Kisha humalizia kwa sentensi aliyoirudia katika harusi za watoto wake wote watatu: "Wenzangu walinunuliwa pete. Mimi nilikunjiwa barabara."

Mzee Sentimita, kila kisa kilipofika hapo, alitazama viatu vyake. Watu wakasema ni unyenyekevu.

Ukweli ulikuwa mwingine, nao ulikuwa mfupi. Panya wa ghalani walikuwa wametafuna kichwa cha kamba, wakala sifuri na kipande kinachoifuata. Kamba mpya iliagizwa, haijafika. Mpima akaamua kwamba anayeshika kichwa aweke ukutani alama ya kumi badala ya sifuri, na anayesoma upande wa pili aongeze kumi katika kila kipimo. Kigingi kinachotakiwa kuwa mita thelathini kutoka ukutani kipigiliwe penye arubaini. Walimuuliza kwa nini iwe kumi, isiwe moja. Akawajibu, "Kosa la mita moja hujificha. Kosa la mita kumi hupiga kelele."

Asubuhi yule kijana alishika kichwa, mwenzake akasoma, na vigingi sita vikakaa vilipotakiwa. Baada ya chakula cha mchana wakabadilishana. Mwenzake akaweka alama ya kumi ukutani kama walivyoamriwa. Yeye akanyoosha kamba, akaitafuta thelathini, akapigilia penye thelathini. Hakuongeza kitu. Kigingi cha saba, cha nane, hadi cha kumi na mbili. Jua lilikuwa kali, mpima alikuwa nyumbani na homa, na mshika kamba alikuwa ameshiba. Kesho yake kamba mpya ikafika, na sifuri yake, na vigingi vilivyobaki vikarudi kwenye mstari. Dereva wa greda akaiviringa ile kona kwa ustadi wa mtu aliyezoea kulainisha makosa ya wengine.

Mpima aliporudi, kokoto zilikwisha kumwagwa. Akasimama, akautazama mpindo, akakitazama kitalu, akatikisa kichwa polepole. "Ahaa, mmekikwepa kitalu. Mngeniuliza kwanza, lakini si vibaya." Kijana akafungua kinywa. Kisha akakumbuka kopo la maji, na yule aliyelileta, akakifunga.

Basi lile kosa la mita kumi halikupiga kelele hata kidogo. Kila aliyeliona alilitafutia sababu. Naye hakuwahi kusema uongo. Alinyamaza tu, mara ya kwanza kwa mpima, mara ya pili kwa msichana, na baada ya hapo kunyamaza kukajiendea kwenyewe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakusema njia ya aliyenyamaza ina urefu gani. Lakini tangu mwaka ule hakuwahi tena kukisoma kipimo mara moja, kiwe cha barabara au cha mkate.

Jumatatu moja asubuhi mtu alipiga hodi. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye viatu vizito vya kazi na jalada kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Alikuwa mhandisi wa barabara. Alieleza haja yake bila kuzunguka. Barabara ya bustani itatengenezwa upya, na katika mchoro mpya imenyooshwa kutoka mwanzo hadi mwisho, ili magari yapite bila kukanyaga breki. Kona itakatwa, na miti itakwenda nayo. Ila kanuni ya ofisi inataka kila mpindo uulizwe sababu yake kabla ya kuondolewa: pengine chini kuna maji, mwamba, bomba, au kaburi la kale. Katika majalada ya zamani sababu haikuandikwa.

"Waliokuwa katika kazi ile wote wamefariki," alisema. "Umebaki wewe. Ukiandika kwamba chini pana maji na ukatia saini, hakuna atakayegusa hapo. Kuchimba ili kuhakikisha ni kazi kubwa kuliko kuiacha. Ukiandika hapana sababu, tunanyoosha. Nina siku kumi."

Mama Miche akatokea jikoni, mikono imejaa povu. "Sababu? Sababu imesimama mbele yako, binti yangu." Akaanza kisa tangu mwanzo, na povu likawa linadondoka sakafuni kwa kila alichokionyesha. Mhandisi alicheka hadi akafuta macho.

"Ni kisa kizuri, mama. Lakini kitalu hakipo tena, na fomu yangu haina kisanduku cha mapenzi."

"Basi kiongezeni! Serikali nzima imekosa rula ya kuchorea kisanduku kimoja?"

Mzee Sentimita hakucheka. Aliipokea fomu, akaikunja katikati, ncha juu ya ncha.

Mchana alikwenda kukaa konani. Habari zilikwisha kumfikia fundi viatu, kwa kuwa habari hufika kwa fundi viatu kabla ya kumfikia mwenyewe.

"Andika maji," alisema fundi, misumari midogo ikiwa katikati ya midomo. "Andika chemchemi. Nani atachimba?"

"Hapana chemchemi hapa."

"Nani kakuuliza kama ipo? Wee mzee, umepima maisha yako yote. Leo umeombwa ukadirie tu, unakwama!"

Mzee alitazama mbele yake. Mama mmoja alikuwa akivuka na mtoto. Mtoto alisimama katikati ya barabara kuokota jani, mama akamngoja, na gari lililokuwa likija likawangoja wote wawili. Dereva hakupiga honi. Pale iliponyooka, mzee alijua, jani lingebaki chini.

Akaupima mzigo wake kama alivyopima kila kitu. Aandike maji, na kona itapona kwa saini ya uongo. Mtu aliyenyamaza miaka arubaini na mmoja atakuwa amesema uongo wake wa kwanza katika uzee, tena kwa wino. Aandike ukweli, na miti ishirini na mitatu itaanguka kwa mkono wake, na kabla haijaanguka, mkewe atakuwa ameisoma ile fomu. Mke wake alikuwa akisoma kila karatasi iliyoingia ndani ya nyumba, hata za dawa.

Siku ya tatu, jikoni, mkewe alipokuwa anamenya viazi, mzee alimwomba akae.

"Nimekaa," alisema Mama Miche, na kweli alikuwa amekaa.

Mzee akatoa uzi na kibiriti. Akaweka kisu cha mkate mezani kikawa ukuta, akapanga njiti sita kwa mstari, kila njiti akiipimia kwa uzi. Kisha akaeleza habari za panya, na sifuri iliyoliwa, na alama ya kumi. Mkewe alimtazama kwa uvumilivu ambao wake za watu makini huupata kwa miaka. Alipoiweka njiti ya saba karibu na kisu kuliko zile sita, kisha ya nane kando yake, maganda ya viazi yakakoma kudondoka.

"Kwa hiyo hukuiona miche yangu."

"Sikuiona. Niliiona kesho yake, ulipokuja na maji."

"Ukanywa."

"Nikanywa."

Mama Miche aliinuka, akaziosha njiti zote na viazi, pengine bila kujua anachoosha, akatoka nje.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa nyumba ile ulisikika hata kwa jirani. Siku nne Mama Miche hakumsemesha mumewe ila kwa vyombo: kikombe kikitua kwa nguvu maana yake chai tayari. Asubuhi ya kwanza mzee alikuta mkate umeshakatwa. Mkewe alikuwa ameukata, kwa makusudi, upande mmoja mnene kama kizingiti, upande wa pili mwembamba hata mwanga unapita. Mzee alikula kipande alichopewa. Asubuhi ya pili kilikuwa kibaya zaidi.

Kila siku alasiri Mama Miche alikuwa akienda bustanini peke yake. Siku ya nne alirudi mapema, akaenda moja kwa moja kwenye kabati, akatoa kamba ya kupimia ambayo mumewe alizawadiwa alipostaafu, akaitua mezani.

"Kesho asubuhi. Vaa viatu vya kazi."

"Kwenda wapi?"

"Nimekaa konani siku tatu nikikukasirikia," alisema, macho yakiwa kwenye kamba, si kwa mumewe. "Nilikukasirikia vizuri, neno kwa neno, toka mwanzo hadi mwisho. Leo nikasema nibadilishe, nikakae kwenye yale mabenchi ya huko kulikonyooka. Nusu saa nzima. Unajua nini? Magari yalivyokuwa yakipita, sikuweza kusikia hata hasira yangu. Sasa nataka kujua tofauti hiyo ni mita ngapi. Ulipima mara moja kwa bahati mbaya. Mara hii utapima kwa makusudi."

Walianza na sehemu iliyonyooka. Mzee alipanga utaratibu: mkewe akae kwenye benchi, ashike sifuri, aseme maneno kwa sauti ya kawaida, ile ya mtu na mwenzake; yeye arudi nyuma na kamba, na kila anaposikia ainue mkono. Asiposikia, asogee mbele hadi asikie, kisha aandike kipimo.

"Niseme nini?"

"Chochote. Taja mbegu."

Mama Miche hakutaja mbegu. Penye mita tatu alisema, "Ulikunywa maji yangu yote." Mzee akainua mkono. Penye mita tano alisema, "Hata asante hukusema." Akainua mkono. Penye saba lilipita lori, halafu magari matatu yanayofuatana kama ndugu waliochelewa mazishi, na mzee akaona midomo ya mkewe ikicheza bila sauti, kama ya samaki. Akasogea mbele hatua kwa hatua. Mita tano na nusu. Akaandika. Walirudia mara tatu, kwa kuwa yeye hakuandika kipimo cha mara moja, na mara zote tatu haikufika sita.

Kisha wakahamia konani. Fundi viatu aliacha nyundo yake akakunja mikono.

"Mnacheza nini, wazee wangu?"

"Tunapima," alisema Mama Miche.

"Mnapima nini?"

"Ndoa."

Penye mita kumi alisema, "Watoto wangu wamekua kwa hadithi ile." Mkono ukainuka. Penye kumi na nne: "Dada yangu aliniambia hakuna mwanamume anayekunja barabara kwa ajili ya mwanamke. Nikamnunia mwaka mzima. Kumbe alisema kweli." Mkono ukainuka, lakini polepole. Gari likaja, likapunguza mwendo, likazunguka, likaenda zake. Penye kumi na nane: "Lakini kazi ya vigingi ilikwisha siku ile ile niliyokuletea maji. Na kesho yake ulirudi. Na keshokutwa. Ulirudi kufanya nini?"

Mzee aliinua mkono. Akausahau huko juu.

"Nimeuliza," alisema mkewe, kwa sauti ileile.

"Kuangalia miche," alisema mzee.

Mzee akarudi nyuma hadi ishirini na moja. Akaona midomo ya mkewe ikisema neno moja, au mawili, si zaidi. Hakusikia. Akasogea hadi ishirini, akaashiria arudie, na akasikia, "Taja mbegu, taja mbegu, ulisema nitaje mbegu."

"Pale ishirini na moja ulisema nini?"

"Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Basi andika ishirini."

Siku mbili zilizofuata kila mmoja alifanya kazi yake. Mzee alipima upana wa barabara, na muda wa mtu kuvuka, na umbali wa kila benchi lililokaliwa kutoka ukingo wa lami. Mama Miche alihesabu mikono. Lilikuwa wazo lake mwenyewe, na mumewe hakulielewa hadi alipoonyeshwa: mtu anayeogopa humshika mtoto kifundo cha mkono, asiyeogopa humshika vidole au humwachia. Katika saa moja, kwenye sehemu iliyonyooka, walivuka watoto thelathini na mmoja, na ishirini na tisa kati yao walikuwa wameshikwa kifundo. Konani walivuka arubaini na wanne. Sita.

Siku ya kumi walikwenda ofisini pamoja. Mzee alikuwa ameijaza fomu kwa mwandiko wake wa shule, herufi zilizosimama wima kama askari. Penye sababu hakuweka alama kwenye maji, wala mwamba, wala bomba, wala kaburi. Chini yake aliandika: *Sababu nyingine. Kosa la mshika kamba, ambaye ni mimi. Sikuongeza kumi. Kitalu hakikuonwa. Kona haikukusudiwa na mtu yeyote. Matokeo yake yamepimwa na kuambatanishwa.*

Mhandisi aliisoma mara mbili. "Mzee, unajua kwamba kwa maneno haya umenipa ruhusa ya kunyoosha?"

"Ninajua."

"Ungeandika maji, tungekuwa tumemaliza."

"Mwanangu, makosa yangu yanatosha. Sitaki kuongeza na mto."

Mhandisi akaifungua karatasi ya vipimo, akaipitia kwa kidole kutoka juu kwenda chini. Kidole kikasimama kwenye safu ya sauti.

"Mita tano na nusu, na mita ishirini. Huu ni umbali wa nini?"

"Umbali ambao watu wawili wanaweza kuelewana bila kupaza sauti," alisema mzee.

"Katika bustani hiyohiyo?"

"Hiyohiyo. Nyasi ni moja, hewa ni moja. Kilichobadilika ni barabara."

Mhandisi akachukua kalamu. "Lazima nieleze utaratibu uliotumika. Maneno yaliyotumika kupimia yalikuwa yapi?"

Mzee Sentimita alimtazama mkewe. Mama Miche alinyoosha mtandio wake.

"Andika: maneno ya kawaida ya nyumbani."

Mhandisi hakuahidi lolote. Ila fundi viatu aliwaletea habari kwamba alasiri ileile mwanamke mwenye viatu vizito alikaa kwenye benchi la upande ulionyooka, akatazama saa, akainuka baada ya dakika nne. Akahamia konani, na alipokuja kukumbuka saa, jua lilikuwa limehama benchi. "Nikamuuliza, viatu vitengenezwe? Akasema havina kasoro. Nikamwambia hakuna kiatu kisicho na kasoro, kuna mwenye kiatu asiyetazama."

Wiki ya sita uamuzi ulitoka. Kona itabaki. Haikubaki kwa huruma: mhandisi aliieleza ofisi yake kwamba hakuna sababu ya kuondoa, kwa gharama, kitu ambacho mahali pengine wangelipia kukijenga. Tena kwenye ile sehemu iliyonyooka utawekwa mpindo mwingine mdogo na njia zitabanwa. Kwa upande wa hasara, mfereji mpya ulihitaji nafasi, kwa hiyo miti miwili ya mwanzo itakatwa, na fundi viatu atahama mita nne. Fundi alilalamika kana kwamba amehamishwa nchi. Mama Miche alikwenda kwenye ile miti miwili, akaishika mmoja mmoja, akarudi nyumbani.

Asubuhi ya kupigilia vigingi vipya mhandisi alikuja na chombo chake cha miguu mitatu, kisichohitaji kamba wala mshika kamba. Hata hivyo alikuwa amepita nyumbani kwao kwanza.

"Chombo hiki hakikosei, mzee," alisema. "Lakini mimi naweza kukosea. Kigingi cha saba mpaka cha kumi na mbili, nataka vihakikiwe kwa mkono."

Mzee alivaa viatu vya kazi. Akaenda ukutani, akamkabidhi mkewe kichwa cha kamba, akaanza kuivuta kuelekea barabarani, akiivuka njia ya miguu na mfereji wa zamani. Alipofika penye kigingi cha saba akainyoosha kamba, akafumba jicho moja.

"Umeshika?" akauliza.

Akageuka. Mama Miche alikuwa ameuacha ukuta kidogo, ameiinua ncha ya kamba karibu na macho, miwani imepanda juu ya paji la uso. Aliikagua upande wa mbele, akaigeuza, akaikagua upande wa nyuma, kama mtu anayekagua mche kabla ya kuununua. Wafanyakazi walisimama na nyundo zao. Gari moja lilifika konani, likapunguza mwendo, likapita.

"Ni sifuri," alisema hatimaye, akaibandika ukutani kwa vidole viwili. "Soma."

Mzee Sentimita akasoma. Kisha, kama ilivyokuwa desturi yake, akasoma tena.

"Ishirini," alisema.

"Ishirini kweli?"

"Ishirini kweli."

"Basi pigilia," alisema Mama Miche, na kutoka ukutani mzee alimsikia bila yeye kupaza sauti.